Begi la Jumamosi la Timu Namba Kumi na Nne

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa kapu la soksi chafu lililonifika kiunoni, nikaambiwa nizifue, nizikaushe na kuzipanga jozi jozi kabla timu haijaingia mazoezini. Nilikuwa nimevaa tai. Vijana msinicheke. Kabla ya hapo nilikuwa dereva wa ubalozi hapa Washington, na dereva wa ubalozi akienda kuanza kazi mpya chuoni huvaa tai. Sikujua kwamba "msaidizi wa idara ya michezo" ni jina la heshima la dobi.

Bosi wangu wa kwanza alikuwa Mkuu wa Vifaa, mzee Mmarekani Mweusi aliyezaliwa mtaa wa Shaw enzi ambazo nyumba zake hazijageuka za matajiri. Aliitazama ile tai, akaniambia niivue isije ikanaswa na mashine ya kukaushia. Halafu akanionyesha namna ya kugeuza jezi ndani nje ili maandishi yasibanduke, na namna ya kutoa damu kwenye kitambaa cheupe kwa maji baridi. Maji ya moto huigandisha damu, haitoki tena. Mtu huyu alikuwa mkali kuliko balozi yeyote niliyewahi kumwendesha, lakini hakuna aliyenifundisha kazi kama yeye.

Nilikuwa sijui lolote kuhusu mpira wa kikapu. Kwetu Morogoro mpira ni wa miguu, mingine tuliihesabu kuwa michezo ya shule za bweni. Kwa hiyo ulipofika mwezi wa Machi, chuo kizima kikaanza kuzungumza kama watu wenye homa, ikabidi Mkuu wa Vifaa anikalishe chini juu ya rundo la taulo anieleze.

Mashindano makubwa ya vyuo, alisema, ni ya mtoano: ukifungwa mara moja umekwenda nyumbani. Kabla hayajaanza, kamati hujifungia chumbani ikapima msimu mzima wa kila timu, nani kamfunga nani na wapi, kisha Jumapili inatangaza makundi manne. Ndani ya kila kundi timu hupewa namba, kuanzia moja hadi kumi na sita. Namba moja ndiye anayehesabiwa bora, kumi na sita ndiye mnyonge. Mzunguko wa kwanza bora hukutanishwa na mnyonge: moja na kumi na sita, mbili na kumi na tano, tatu na kumi na nne, na kuendelea. Ukijumlisha namba za wanaokutana, jibu ni kumi na saba daima. Hiyo hesabu ilinifurahisha sana, nikaikariri kama mtoto wa darasa la pili.

"Sasa wewe unaona ni haki?" nilimuuliza. "Mnyonge anapewa mbabe siku ya kwanza?"

"Haki haituhusu sisi," alinijibu. "Sisi inatuhusu rangi. Mwenye namba bora huvaa nyeupe, mwenzake huvaa jezi za rangi. Kwa hiyo ukisikia namba Jumapili, wewe usishangilie. Kimbia ukaangalie kama jezi ni safi."

Na ndivyo nilivyoishi tangu hapo. Wenzangu wakisikia namba hurukaruka au hushika vichwa, mimi nakimbilia kabatini.

Somo la pili alinipa wiki hiyohiyo, na ndilo lililonikaa moyoni. Mechi za mwanzo huchezwa Alhamisi, na washindi hurudi uwanjani Jumamosi. Timu yetu mwaka huo ilikuwa na namba kubwa, yaani ya wanyonge, na mimi nikapanga vitu vya Alhamisi tu. Niliona ndiyo akili, mizigo ipungue. Mkuu wa Vifaa akalimwaga begi langu lote sakafuni.

"Begi la Jumamosi liko wapi?"

"Tukishinda nitafua hizihizi hotelini."

"Rajabu, wachezaji wanatazama mabegi. Akiona umempakia siku moja, amejua kwamba hata dobi wake hamwamini."

Basi ikawa desturi. Begi la Jumamosi lina soksi mpya, fulana za kupashia mwili joto, taulo na nguo za ndani za kubana, kila mchezaji na kifurushi chake chenye jina, na begi lenyewe linabandikwa utepe mweupe ulioandikwa siku. Halifichwi chini ya basi. Linawekwa mlangoni pa basi, kila anayepanda alipite. Mara nyingi lilirudi chuoni bila kufunguliwa, nami nikawa nalifungua mwenyewe chumbani peke yangu, sitaki mtu anione.

Mzee yule alipostaafu, nilihamia chuo kingine kidogo, upande wa Laurel, mji ulio nje ya Washington, huko nikawa Mkuu wa Vifaa mimi mwenyewe. Nilipita mikononi mwa makocha wakuu watatu. Wa kwanza alikuwa mtu wa maombi, wa pili mtu wa matusi, wa tatu mtu wa kompyuta. Wakurugenzi wa Michezo sikuwahesabu, walibadilika kama mapazia. Chuo chetu kilifika mashindano makubwa kwa nadra, na kila tulipofika tulipewa namba kubwa za wanyonge, kwa hiyo jezi zetu nyeupe hazikuwahi kuguswa mwezi wa Machi.

Nikizeeka na kazi ile nilijifunza mambo ya namba ambayo sikuyatarajia. Kocha wa kompyuta aliniuliza siku moja, akiwa amekaa juu ya mashine yangu ya kufulia, "Rajabu, ukipewa uchague, utachukua namba nane au kumi na moja?"

"Nane," nikasema. "Nane ni bora."

"Utajuta. Namba nane anaanza na tisa, ambaye ni kama ndugu yake. Akipona hapo, anayefuata ni namba moja, na mara nyingi hapo ndipo safari inapoishia. Kumi na moja anaanza na sita, kazi ngumu kidogo, lakini akipita hakutani na namba moja mpaka mbele sana. Kukaa mbali na jitu ni bora kuliko kuwa mrefu kidogo."

Nilibisha kwa sababu napenda kubisha, lakini miaka ilivyopita nikaona ni kweli. Namba inakwambia timu ina nguvu kiasi gani, na pia inakwambia njiani utakutana na nani. Na kwa namba za mwanzo kabisa na za mwisho kabisa, semeni mnavyotaka, namba husema kweli. Redio na televisheni hupenda kupigia kelele yule mnyonge mmoja aliyemwangusha mbabe. Wale wanyonge wengine wote waliorudi kimya kimya na mabegi yao hakuna anayewatangaza. Mimi ndiye niliyewafulia.

Sasa nifike kwa Musyoka, maana msimu wake wa mwisho ndio uliokuwa wa mwisho kwangu pia.

Musyoka alikuwa mtoto wa Wakamba wa Machakos, aliletwa Marekani akiwa bado hajaanza shule. Mama yake alikuwa mhudumu katika nyumba ya wazee huko mji jirani wa Columbia. Kijana alikuwa akisikia Kiswahili chote na kujibu kwa Kiingereza, nami nikamfundisha angalau kunisalimu. Kila alipokuja kuchukua jezi alisema, "Shikamoo, Mzee," kwa lafudhi iliyonichekesha, nami namwitikia marahaba kabla sijampa kitu. Alicheza pembeni. Kazi yake ilikuwa kusimama kwenye kona ya uwanja, kungoja mpira umfikie, na kurusha mitupo ya pointi tatu.

Miaka minne alicheza, na miaka minne yote mama yake hakuja hata siku moja. Kazi zilikuwa nyingi, ndiyo, alifanya zamu hadi za kuazimwa. Lakini Musyoka aliniambia sababu yenyewe siku moja akivua viatu: "She says she didn't bring me here nirushe ball." Alisema akicheka, lakini macho hayakucheka. Yeye ndiye mchezaji pekee ambaye tiketi zake za wazazi aligawa kila mechi kwa wenzake.

Mwaka ule tulifuzu kuingia mashindano makubwa. Jumapili wakatangaza: sisi namba kumi na nne, tunacheza na namba tatu, na uwanja ni ule mkubwa wa katikati ya Washington, umbali wa treni moja tu kutoka kwetu. Hata hivyo sheria ni sheria, timu inalala hotelini kama imetoka ng'ambo. Nilianza kupakia Jumatatu. Nilikuwa nimeinama juu ya meza ya kukunjia nguo niliposikia mtu akibisha mlango ambao haubishwi.

Alikuwa mwanamke wa makamo, sare ya kazi bado mwilini, mkononi bakuli la plastiki lenye muthokoi, yale mahindi ya Wakamba yaliyokobolewa.

"Wewe ndiwe Mzee Rajabu? Mimi ni mama Musyoka."

Nilimkaribisha, nikamfutia kiti. Hakukaa. Alitazama mashine, rafu, jezi zilizoning'inia, na alipoliona jina la ukoo wao mgongoni mwa mojawapo aliligusa kwa kidole kimoja.

"Kanisani kila mtu ananiambia ati mwanangu ataonekana kwa TV nchi yote," alisema. "Nimefikiria sana, Mzee. Nataka kukuja. Nimesikia mko na game Thursday na Saturday."

"Alhamisi tunayo, mama. Jumamosi mpaka tushinde kwanza."

"Sasa hapo ndipo kuna shida. Mimi nimepata off moja tu. Nimeswap na mwenzangu, na anataka nimwambie leo ni siku gani. Hiyo ndiyo nafasi yangu, hakuna ingine, huyu anamaliza shule. Niambie ukweli. Nije lini?"

Sikutaka kumzungusha. "Njoo Alhamisi," nilimwambia. "Namba tatu dhidi ya kumi na nne, mara nyingi sana anayepita ni namba tatu. Ukingoja Jumamosi huenda usimwone kabisa."

Aliitikia kwa kichwa, taratibu, kama mtu aliyezoea kupewa habari za wagonjwa. Halafu macho yake yakashuka mezani.

"Hizi ni za nini?"

"Za Alhamisi."

"Na hiyo bag ingine?"

Utepe ulikuwa unaonekana wazi. "Ya Jumamosi."

"Ya Musyoka pia iko ndani?"

"Imo."

"Kwa hivyo wewe unampakia nguo za Saturday, na mimi mamake ndio unaniambia nisikuje Saturday."

Nilijikaza kumweleza kwamba ni desturi ya kazi tu, kwamba nimepakia begi hilo miaka mingi na mara nyingi linarudi kama lilivyokwenda. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniambia jambo ambalo mpaka leo sijalisahau.

"Miaka minne nimekataa kumwona. Sasa nikikuja Thursday, ataangalia huko juu, anione, na atajua ni kwa nini nimechagua hiyo. Ati mama amekuja kwa sababu anajua mnafungwa. Siwezi kukuja mara ya kwanza kama mtu anaenda matanga. Mimi ni wa Saturday, Mzee. Mwambie mama anakuja Saturday."

Nilimwambia kijana siku hiyohiyo. Alisimama na viatu mkononi. Akauliza, "Saturday? She said Saturday?" Akatoka bila kuchukua taulo, na mazoezini siku ile alirusha vizuri hata kocha wa kompyuta akamuuliza amekula nini.

Alhamisi tulivaa za rangi. Nitasema kweli, nilikwenda uwanjani bila matumaini, nimekwishaona mengi. Lakini vijana wale walicheza kufa na kupona. Mpaka mapumziko tulikuwa mbele. Musyoka kwenye kona yake alikuwa hakosei, na kila alipofunga alinyoosha kidole kuelekea benchi, nami nikajikuta nimesimama napunga taulo kama mwendawazimu, mtu mzima na mvi zangu.

Ndipo namba ikaanza kudai chake. Watu hudhani timu ya namba tatu inakuwa bora kwa sababu ya nyota wake watano. Hapana, ni benchi. Mwenye namba tatu ana wachezaji kumi wanaolingana, akiwachosha watano anaingiza wengine wabichi. Sisi tulikuwa na sita, wa saba alikuwa na goti bovu. Dobi hujua uchovu kabla ya kocha, maana taulo zinarudi nzito. Na mitupo ya mtu aliyechoka miguu haiendi pembeni, inapungukia, inagonga ukingo wa mbele wa kikapu. Mtupo wa kwanza wa Musyoka uliogonga ukingo wa mbele nilikaa chini. Uliofuata nao hivyohivyo. Walitupita dakika za mwisho, na kengele ilipolia tulikuwa tumefungwa kwa pointi chache ambazo mtu angeweza kuzililia mwaka mzima.

Tuliingia chumba cha kubadilishia nguo. Mimi huwa nazunguka na kapu, kila mtu anatupia jezi yake. Musyoka hakuivua yake.

"Mzee," alisema, "Mum ashachukua off. Ya Saturday. Nitamwambia nini?"

Nilimwekea mkono begani, nikaenda koridoni kumpigia mama yake simu mimi mwenyewe, ili angalau habari isimfikie kutoka kinywani mwa mtoto. Alikuwa amekwishajua. Alikuwa zamuni Columbia, chumbani kwa bibi mmoja mgonjwa, na bibi huyo alikuwa ameomba televisheni iwekwe kwenye mpira.

"Nimeona yote," alisema. Sauti ilikuwa ya mtu aliyekwishalia na kunawa uso. "Amecheza vizuri, sivyo? Mimi sielewi, lakini nimeona ni vizuri."

"Amecheza vizuri sana, mama. Pole. Na siku yako ya mapumziko..."

"Siku yangu iko. Mimi nilinunua tiketi tatu, yangu na za dada wawili wa kanisa. Hao sasa hawataki, ati ni kuona nini. Basi utakuja wewe, na Musyoka. Nilisema nitakaa Saturday niangalie mpira, na nitakaa."

Watu wa timu zilizotolewa huuza tiketi zao za Jumamosi hapo nje mlangoni. Sijawahi kumwona mtu aliyezitumia. Musyoka alikuja amefunika kichwa kwa kofia ya sweta, amenuna. Baadaye nilisikia kwamba asubuhi alimwambia mama yake walioshindwa hawarudi uwanjani, naye akamjibu, "Nani amesema wewe umeshindwa? Panda gari."

Viti vyetu vilikuwa juu kabisa, karibu na dari. Mama Musyoka alikuwa amevaa fulana ya chuo chetu, mpya, mikunjo ya dukani bado ikionekana, na pande zote watu walivaa rangi za timu nyingine. Wengine walimtazama kwa huruma. Yeye alikaa wima kama yuko kanisani. Waliocheza ni wale wale namba tatu waliotufunga, na namba kumi na moja.

Nami nilikuwa na yangu moyoni. Barua yangu ya kustaafu ilikuwa imeshakubaliwa, na miaka yote ile sikuwahi kutazama mechi hata moja nikiwa nimekaa, bila taulo begani, bila kuhesabu nani kamwaga maji wapi. Kutoka juu kule uwanja ni mzuri ajabu. Niliwaona vijana wa vifaa wa timu zile, wadogo kama siafu, wakikimbia na fagio za kukaushia sakafu, nikawapenda wote. Nilimkumbuka Mkuu wa Vifaa wangu wa zamani, nikatamani angekuwa hai nimwambie nimefika mwisho salama. Ilikuwa kazi ya soksi na maji baridi, na sikuitamani nyingine. Namba nilizozifulia hazikunidanganya mara nyingi, na vijana mkiniuliza mbashiri vipi bado nitawaambia mzifuate.

Kipindi cha kwanza chote mama na mwana hawakusemezana. Halafu mama akainamisha kichwa.

"Wewe husimama wapi?"

"What?"

"Ukicheza. Husimama wapi?"

Musyoka alionyesha kwa kidevu. "Pale. Kwa corner."

"Hapo karibu na yule mtu wa kamera?"

"Yeah."

Mama akapatazama. Mpira ulikwenda upande wa pili, watu wakasimama, wakapiga kelele, wakakaa, yeye bado anatazama kona ile tupu.

"Na ukishasimama hapo unafanya nini?"

"Nangoja."

"Wakikosa kukupa?"

"Nangoja tu, Mum. That's the job."

Akamshika mkono, ule wa kurushia, akauweka mapajani mwake na kuufunika kwa yake miwili.

"Miaka minne umeningoja mimi," alisema. "Pole, mwanangu. Nilichelewa."

Musyoka alivua ile kofia ya sweta, akajifuta uso kwayo, na mkono wake akauacha palepale. Baada ya muda akaanza kumweleza mchezo, kwa Kiswahili, yeye ambaye sikuwahi kumsikia akimaliza sentensi mbili. Akikwama ananigeukia namwokoa. Alimweleza mpaka kengele ya mwisho, namba tatu wakiwa wamefungwa.

"Kwa hivyo hawa waliowafunga nyinyi, nao wamefungwa?" mama aliuliza.

"Ndiyo, Mum."

"Haya. Twende nyumbani ukule."